Siku Iliyofutwa na Serikali: Noeli kati ya Itebero na Kinshasa

Tarehe 25 Desemba 1974 iliangukia Jumatano, na katika Zaire nzima, Kongo ya leo, ilikuwa siku ya kazi. Miezi kadhaa kabla, serikali ya Mobutu Sese Seko ilikuwa imeiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Makanisa hayakufungwa. Aliyetaka kusali alisali, lakini karani alitakiwa awe ofisini kwake na mfanyakazi wa kiwandani awe kwenye zamu yake. Siku hizi mjadala juu ya nafasi ya Noeli katika jamii yenye dini nyingi, au isiyojali dini, huanzia Ulaya na kuishia huko huko, kana kwamba huku kwetu suala hilo halijafika. Lilifika zamani, tena likiwa na muhuri wa serikali.

Kinshasa ndiko lilikotoka agizo. Jambo la kutazama ni lilikokwenda: mahali kama Itebero, katika wilaya ya Walikale, Kivu Kaskazini, kwenye Barabara ya Taifa Namba 3 inayotoka Bukavu kwenda Kisangani. Nchi hiyo ni msitu mkubwa, mvua nyingi, na njia ambayo kwa miaka mingi imekuwa barabara kwa jina tu. Wakano wanaishi hapo na jirani zao Wanyanga, Wakumu, Warega, Watembo na Wambuti, pamoja na wafanyabiashara waliotoka Bukavu na vijana waliofuata dhahabu na koltani. Mkatoliki anapakana na Mprotestanti, na Waprotestanti wenyewe ni jumuiya nyingi ndani ya Kanisa la Kristo Kongo, kila moja na namba yake. Wapo Waadventista, Waislamu, Wakitawala, na wapo wasiofuata chochote ila hawapendi kuulizwa.

Noeli haikukuta ukurasa mtupu. Sherehe kubwa za watu wa msitu, kama jando la mukumo, hazikufungwa na tarehe. Zilifuata umri wa vijana, wingi wa chakula na kauli ya wazee. Kisha, katika karne ya 19, misafara ya biashara kutoka pwani ilipita Maniema na kuacha Kiswahili, mchele na Uislamu. Mapadri Weupe walianza misheni zao karibu na Ziwa Kivu mwanzoni mwa karne ya 20, na Wapentekoste wa Sweden na Norwei wakaingia Kivu miaka ya 1920. Upande wa Masisi, utawala wa Wabelgiji ulihamisha maelfu ya watu kutoka Ruanda kati ya 1937 na 1955. Nao walikuja na dini yao na nyimbo zao. Kwa watu wa msitu, tarehe moja ya Desemba, isiyoyumba, ilikuwa kitu kigeni kabisa. Ililetwa na kalenda ileile iliyoleta siku ya kulipa kodi.

Hapo ndipo nampa Bushiri Lungundu nafasi yake katika makala hii. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuiteka Malaya, Washirika walihitaji mpira, na Wabelgiji wakaongeza kazi ya lazima vijijini kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Watu walirudishwa msituni kugema mpira, kazi ambayo babu zao waliijua kwa mijeledi. Mwaka 1944 Bushiri, Mkumu aliyejiita Mulamozi wa Yesu, aliongoza maasi ya Kitawala katika nchi ya Masisi na Lubutu, yaani msitu huu huu. Jeshi la Force Publique liliyazima kwa damu. Mizizi ya Kitawala ni vitabu vya Watch Tower, shirika la Mashahidi wa Yehova, vilivyopanda kutoka kusini, na wafuasi wa shirika hilo katika makao makuu yake Brooklyn walifanya Noeli yao ya mwisho mwaka 1926. Sitaki kusema kwamba Wakumu waliasi kwa sababu ya Noeli. Waliasi kwa sababu ya mpira na viboko. Ila miaka 30 kabla ya agizo la Mobutu, msitu huu ulikuwa tayari na Wakristo walioisoma Biblia bila padri na kukataa kwamba mzungu ndiye mwenye funguo zake. Anayedhani kijiji cha Walikale kilikuwa na imani ya namna moja hadi usasa ulipokuja kuivuruga, hajaisoma historia ya kijiji hicho.

Sasa turudi 1974. Kufutwa kwa Noeli hakukuwa wazo la ghafla. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu aliweza kufungwa. Joseph-Désiré mwenyewe akawa Sese Seko. Kardinali Joseph Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, alipinga, akalazimika kuondoka nchini na kukaa Roma miezi kadhaa. Mwaka huohuo vyama vya vijana vya makanisa vikavunjwa, ili kijana abaki na chama kimoja, MPR. Kisha zikafuata shule: mwishoni mwa 1974 serikali ilizitwaa shule za makanisa, somo la dini likatoa nafasi kwa mafunzo ya siasa, na palipokuwa na msalaba ikaning'inizwa picha ya Kiongozi. Waziri wa mambo ya ndani, Engulu, alimtangaza Mobutu hadharani kuwa nabii na mkombozi, na MPR kuwa kanisa.

Kwa hiyo aliyeita hatua hizo usekula alikosea. Serikali isiyo na dini haihitaji masihi. Kilichofanyika ni kuiondoa altare moja ili ijengwe nyingine mahali palepale, na Noeli ilifutwa kwa sababu ilimpa heshima mtoto ambaye si wa chama. Hata hoja ya utamaduni, ambayo serikali iliitumia kutetea hatua hizo, ilikuwa na kasoro. Kama nia ilikuwa kurudisha desturi za mababu, nani aliwarudishia Wanyanga kalenda ya jando? Badala ya sikukuu za wamisionari zilikuja sikukuu za chama, zenye tarehe zake na gwaride lake, na kwa mkulima wa Itebero zote zilitoka mbali.

Tena agizo lilihitaji magurudumu ambayo serikali haikuwa nayo. Tangu 30 Novemba 1973 maduka na mashamba ya wageni yalikuwa yamepewa Wazaire wenye majina makubwa, na bidhaa zikaanza kuadimika. Bei ya shaba iliporomoka 1974. Serikali ikajikuta na maelfu ya shule isizoweza kuziendesha, na tarehe 26 Februari 1977 ilisaini mkataba na makanisa kuyarudishia usimamizi wa shule hizo. Aliyekuwa nabii alihitaji mapadri na wachungaji wamwendeshee shule na kumtunzia mahesabu. Noeli nayo ilirudi: leo 25 Desemba imo katika orodha ya sikukuu za kisheria iliyowekwa kwa amri ya rais ya 14 Mei 2014, nayo Pasaka haimo.

Zaire haikuwa peke yake. Bunge la Wapuritani nchini Uingereza lilipiga marufuku Noeli mwaka 1647, na watu wakapigana barabarani huko Canterbury. Kuba iliiondoa 1969 ili mavuno ya miwa yasisimame, ikairudisha karibu na ziara ya Papa Yohane Paulo II ya Januari 1998. Katika nchi hizo pia sikukuu iliishinda serikali kwa sababu ilikuwa imeshahamia jikoni, mahali ambapo polisi hawana kazi.

Lakini kuna Noeli moja iliyohamishwa Kongo ikahamia kweli. Wakimbangu, wafuasi wa Simon Kimbangu aliyefia gerezani Elisabethville mwaka 1951 baada ya miaka 30 ya kifungo, walisherehekea 25 Desemba kama wengine hadi mwisho wa karne iliyopita. Ndipo kanisa lao likaamua kwamba Noeli ni 25 Mei, siku aliyozaliwa 1916 Salomon Dialungana Kiangani, mwana wa Kimbangu na kiongozi wao wakati huo. Makanisa mengine yalishtuka, na kwa sababu nzito za kiteolojia yalikuwa na haki ya kushtuka. Hata hivyo hakuna aliyelazimishwa, na hakuna aliyefungwa. Serikali yenyewe iliwapa heshima nyingine mwaka 2023, ilipoifanya 6 Aprili kuwa sikukuu ya Kimbangu kwa taifa lote.

Katiba ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha kwanza kwamba Kongo ni dola isiyo na dini, na kifungu cha 22 kinalinda uhuru wa kila mtu kuabudu. Chini ya maneno hayo Noeli imeendelea kupanuka nje ya kanisa. Mchimbaji asiyekanyaga ibada mwaka mzima anataka kufika kwao kabla ya Noeli na Bonane, akiwa na kitenge cha mama na nguo mpya za watoto. Wali, kuku, sombe yenye mawese, na kwa wasiokatazwa, kasiksi, pombe ya ndizi. Mwadventista haihesabu kuwa siku takatifu, lakini sahani ya jirani hairudishi. Mwislamu atafanya vivyo hivyo, ingawa Idi yake haimo katika orodha ya 2014, jambo ambalo dola isiyo na dini ingepaswa kulieleza. Na Goma na Bukavu unauzwa mti wa Noeli wa plastiki kutoka China, katika nchi iliyo kando ya mojawapo ya misitu mikubwa duniani. Huo ndio usekula wetu, na mimi sioni kwamba umemdhuru mtu.

Kinachodhuru kinajulikana. Machi 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili, na si mara ya kwanza watu wa wilaya hiyo kukimbilia msituni. Kila wanapokimbia, madaftari ya parokia, barua za makatekista na kumbukumbu za shule hubaki nyuma. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 ameshapita 70. Kama unaye mzazi au babu kutoka Itebero, Musenge au Mubi, muulize Jumatano ile aliipitisha wapi, nani alikwenda kazini na nani alijificha kanisani. Andika jibu lake, pamoja na jina la kijiji na mwaka.