Lile chango la dawati langu

Nimepotea kidogo, semista imenibana na bumu ndo hivyo tena, halijatoka. Ila leo nimetoka maktaba na kitu moyoni.

Nikiwa sekondari kwetu Mnero, Nachingwea, nilikaa dawati moja na dada mmoja. Kila mwezi siku mbili tatu hayupo. Akija amejikunja. Bibi zetu walisema ni chango, akizaa litaisha. Zahanati moja ikampa dawa za maambukizi, tena na tena. Mtihani wa mwisho aliufanya huku analia.

Juzi kwenye historia ya sayansi nikachagua endometriosisi: chembe zinazofanana na za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi zinaota nje ya mfuko huo. Rokitansky wa Vienna aliandika habari zake mwaka 1860. Mwaka 1927 Mmarekani John Sampson akasema damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwaga chembe tumboni. Sawa, lakini wanawake wengi sana damu hurudi hivyo, mbona wanaougua ni kama 1 kati ya 10? Ndo watafiti wakazigeukia chembe zenyewe. Wakakuta zinajitengenezea homoni ya estrojeni, zinajiotesha mishipa ya damu na ya fahamu, na kinga ya mwili inashindwa kuzisafisha.

Sasa sikilizeni hapa. Kwa miaka mingi madaktari waliamini huu ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye nafasi. Jamani, ili kuuona ilibidi tumbo lipasuliwe, na baadaye kamera ipitishwe kwenye tundu. Nani alimudu? Mwaka 1976 Dokta Donald Chatman wa Chicago aliripoti kuwa wanawake weusi aliowachunguza kwa kamera, zaidi ya 1 kati ya 5 walikuwa nao. Wengine walishaambiwa ni maambukizi ya nyonga. Nikamkumbuka mwenzangu wa dawati.

Hapa nyumbani Millen Magese, Miss Tanzania 2001, alijitokeza kusema hadharani, baada ya kupasuliwa zaidi ya mara 10. Kenya ilimpoteza mtangazaji Njambi Koikai Juni 2024.

Habari njema ni kwamba kisu kinaanza kukaa pembeni. Mwaka 2022 wataalamu wa uzazi wa Ulaya walisema si lazima kamera itangulie, daktari anaweza kuanza tiba kwa dalili na picha. Mwaka huohuo Wafaransa walitoa utafiti wa kipimo cha mate kinachosoma maikroRNA 109. Huku kwetu mate bado, ila ultrasaundi ipo. Angalizo tu: vidonda vidogo haivioni, kwa hiyo picha safi haimaanishi huna.

Muhula ujao naenda mazoezi ya kufundisha. Binti akijikunja dawatini sitamwambia avumilie. Nitamwuliza yalianza lini, yanakuja siku zipi, tuandike miezi mitatu, karatasi mama yake aipeleke kwa daktari.

Haya wadau, mnasemaje? Naenda kupanga foleni ya ugali.