Nani ni Ndugu? Tabora, Njia ya Misafara na Teolojia ya Wahenga

Tabora ilikua kwa nyayo za watu. Katikati ya karne ya 19 mji huo, ambao wageni wa mwanzo waliuita Kaze, ulikuwa njia panda ya biashara ya bara: mashariki njia ilishuka hadi Bagamoyo, magharibi ilikwenda Ujiji, kaskazini ilielekea Karagwe na Buganda. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wamekwisha kujenga matembe katika nchi ya watemi wa Unyanyembe. Kutoka bara zilitoka pembe za ndovu, na pamoja nazo watumwa. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi huru, waliojitwika mzigo wa kilo 30 hivi kwa ujira na kujivunia safari waliyokwenda. Jambo hili husahaulika mara kwa mara, kwa sababu picha ya mnyororo imefunika kila kitu. Lakini mnyororo nao ulikuwapo. Mtu huru na mtumwa walipita njia ileile na kunywa maji ya kisima kilekile. Kazi peke yake haikutosha kuwatenganisha, maana wote waliweza kubeba mzigo. Tofauti kubwa ilikuwa katika ukoo: mpagazi alikuwa na watu nyumbani ambao wangeuliza habari zake asiporudi, na mtumwa alikuwa amekatwa kutoka kwa watu wake, hana wa kumdai wala wa kumlilia. Kabla mwanateolojia yeyote hajafika Tabora, njia yenyewe ilikuwa imekwisha kuuliza swali zito la maadili: nani ni ndugu, na mtu asiye na ndugu ni nani?

Wasafiri walikuwa na jibu lao, nalo ni utani. Mnyamwezi aliyefia Uzigua au Uzaramo, miezi miwili kutoka kwao, hakuwa na mjomba wa kumwosha wala mtoto wa kumfukia. Mtani alichukua nafasi hiyo. Alikuwa na haki ya kutukana bila kukasirikiwa na ya kuchukua kitu bila kuomba, na pia alikuwa na wajibu wa kumpokea mgeni, kumlisha na kumzika. Watafiti wa utani wameuhusisha na safari hizo za pwani, na ramani ya watani wa Wanyamwezi hadi leo inafuata kwa kiasi kikubwa ile njia ya zamani. Uislamu, uliotangulia Ukristo katika mji huo, nao ulikuwa na jibu lake: sheria ilihesabu kumwacha huru mtumwa kuwa tendo la thawabu, na mtoto ambaye suria alimzalia bwana wake alizaliwa huru.

Ukristo ulikuja kwa njia hiyohiyo ya misafara. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, kwa miezi kadhaa ya mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Mwaka uliofuata watumishi wake Susi, Chuma na wenzao walipita hapo wakiubeba mwili wake kwenda pwani. Daktari Southon wa London Missionary Society alikaribishwa na mtemi Mirambo huko Urambo mwaka 1879, na kazi ya misheni hiyo ilichukuliwa na Wamoravian mwaka 1898. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadre Weupe, waliondoka Bagamoyo mwaka 1878. Walipofika Tabora waligawanyika, kundi moja likaenda Buganda na jingine Ziwa Tanganyika.

Mapema katika miaka ya 1880 mapadre hao walifungua kituo cha watoto yatima huko Kipalapala, nje kidogo ya Tabora. Wengi wa watoto walikuwa wamekombolewa, yaani walinunuliwa kwa nguo na shanga kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Hapo palikuwa na mtego. Aliyelipa ili kuokoa alilipa katika soko lilelile, na muuzaji hakujali nia ya mnunuzi. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alipozunguka Paris, London na Brussels mwaka 1888 akihimiza serikali za Ulaya zikomeshe biashara yenyewe, alikuwa akikiri pia kwamba kukomboa mtoto mmojammoja hakutoshi. Mtego wa pili ulikuwa wa ndani zaidi. Mtoto aliyekombolewa alipata jina jipya na sala, lakini hakurudishiwa ukoo. Misheni ikawa baba yake, ikampa shamba, ikashughulikia hata ndoa yake. Mfano bora wa waliokombolewa ni Adrian Atiman, aliyeibwa utotoni katika nchi za mto Niger, akasomea udaktari Malta, akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1889 na kuwatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Maisha yake yalikuwa ya heshima kubwa. Hata hivyo, alijenga undugu upya ugenini, kwa mikono yake.

Kituo cha Kipalapala kilifungwa mwaka 1889, wakati wa vurugu zilizofuatana na kuingia kwa Wajerumani. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana nao hadi Januari 1893, alipojilipua kwa baruti ndani ya boma lake. Wajerumani hawakufuta utumwa moja kwa moja. Walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa ilipitishwa na Waingereza mwaka 1922. Miaka mitatu baadaye Kipalapala ilipata uhai mpya ikiwa seminari kuu, na mahali palipolea watoto wasio na ukoo pakaanza kulea mapadre Waafrika.

Mmoja wao alikuwa Charles Nyamiti, mzaliwa wa Ndala mwaka 1931, aliyepadrishwa mwaka 1962. Alisomea teolojia Louvain, kisha ethnolojia na muziki Vienna, akarudi kufundisha Kipalapala, na baadaye Nairobi katika taasisi iliyokuja kuwa Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki. Kitabu chake cha mwaka 1984, Christ as Our Ancestor, kilimfanya ajulikane duniani. Hoja yake ilianza katika mambo ambayo kila mtoto wa Unyamwezi aliyajua. Mhenga ni ndugu wa walio hai, kifo kimemsogeza karibu zaidi na Mungu, ni mfano wa mwenendo mwema, na ana haki ya kukumbukwa kwa sala na matambiko. Nyamiti alisema Kristo anatimiza hayo yote kuliko mhenga yeyote, kwa kuwa amekuwa ndugu wa wanadamu wote kupitia Adamu. Kwa hoja hiyo mizimu haikuwa tena aibu ya kuachwa mlangoni pa kanisa. Zaidi ya hayo, hakuna mtu anayebaki bila mhenga, hata yule ambaye ukoo wake ulipotea katika minyororo.

Wakosoaji walimwona kuwa mtu wa dhana za vitabuni, aliyeacha kando umaskini na siasa. Kuna ukweli katika lawama hiyo: mtindo wake ni mgumu, na njaa haionekani sana katika kurasa zake. Julius Nyerere, aliyefundisha shule ya St. Mary's mjini Tabora kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, aliufuata undugu huohuo kwa njia ya siasa, akaujenga ujamaa juu ya familia pana ya Kiafrika. Mwaka 1970 aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiloshiriki katika kupinga mifumo inayowafanya watu kuwa maskini litapoteza maana yake. Lakini katika Tabora suala la ukoo ni siasa tayari. Ulyankulu, magharibi mwa mji, ilipokea wakimbizi kutoka Burundi mwaka 1972. Wajukuu wao walizaliwa hapo, na kwaya zao zikasikilizwa nchi nzima, lakini kwenye karatasi walibaki wageni kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2014 ndipo watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walipothibitishiwa uraia wa Tanzania.

Nyamiti alifariki mwaka 2020. Vitabu vyake vikubwa aliviandika kwa Kiingereza, na vinastahili kusomwa kwa Kiswahili, lugha iliyopanda hadi Unyanyembe kwa njia ileile ya misafara.