Kisanduku Chekundu

Nusura niuze simu ninunue intafesi ya bei. Maiki iko sawa, nilijiambia. Kinachoniangusha ni hiki kisanduku changu cha bei rahisi.

Beshte akaniletea Scarlett yake nyekundu. Ina ukoo wa heshima: Rupert Neve alianzisha Focusrite mwaka 1985, na kati ya kazi zake za mwanzo ni priampu, ile sehemu inayokuza sauti ya maiki, kwa ajili ya studio za AIR za George Martin. Mwaka 2002 priampu za Focusrite zikaingia ndani ya Mbox ya Digidesign, kifaa cha mezani kinachotumia USB. Mwaka 2011 ikaja Scarlett 2i2, na bedsita za Umoja zikawa studio.

Tukarekodi ubeti uleule kwa zote mbili. Scarlett ikashinda, mpaka tukagundua ilikuwa imefunguliwa sauti zaidi kidogo. Sikio hukipenda chenye sauti kubwa. Tulipozisawazisha tukafumba macho, hakuna aliyeweza kuzitofautisha. Zote zilinasa mwangwi wa kuta zangu na honi za mathree.

Simu bado ninayo. Nilinunua blanketi mbili nzito Gikomba, na siku hizi narekodi saa tisa usiku.