Kendu Bay: Mji, Mgeni na Kumbukumbu

Historia ya miji ya ufuo wa Nyanza aghalabu huanzia Kisumu, mwaka 1901, reli ilipofika ziwani. Kwa mtazamo huo, Kendu Bay, katika ufuo wa kusini wa Ghuba ya Winam, ni bandari ndogo tu iliyozaliwa na meli. Makala haya yanadai kwamba utambulisho wa mji huu ulijengwa na wageni waliopokelewa, na kwamba fasihi simulizi ya mahali penyewe ndiyo inayotoa kipimo cha mapokezi hayo.

Tarehe inayonukuliwa zaidi ni 1906, Waadventista Wasabato walipoanzisha misheni ya Gendia. Mwanzilishi hutajwa kuwa Arthur Carscallen, Mkanada. Mwenzake, Peter Nyambo wa Nyasaland (Malawi ya leo), hutajwa kwa nadra. Carscallen alijifunza Kijaluo na kukiandikia sarufi, na mwaka 1913 Gendia ikapata mtambo wa kupigia chapa. Hivyo basi, mwenye mtambo ndiye aliyehifadhi tarehe.

Waislamu na wafanyabiashara wa Kihindi waliacha kumbukumbu ya namna nyingine: Msikiti wa Tawakal na maduka yao. Wala Uislamu haukubaki dini ya wageni. Hussein Onyango Obama, Mjaluo wa Kanyadhiang, jirani na mji, alisilimu, na jina lake likabeba asili zote mbili. Mjukuu wake alipokuwa rais wa Marekani mwaka 2009, umaarufu uliiendea Kogelo, alikohamia Onyango. Kendu Bay ikabaki tanbihi.

Karibu na mji lipo ziwa la magadi, Simbi Nyaima. Simulizi ya usuli wake yaeleza kuwa bikizee mgeni alinyimwa chakula na hifadhi, na kijiji kizima kikadidimia majini. Ni rahisi kuisoma simulizi hii kama sifa ya ukarimu wa Wajaluo. Hata hivyo, onyo halitolewi pasipo kosa: jamii inayosimulia adhabu ya kumnyima mgeni inakiri kwamba mgeni huweza kunyimwa.

Kwa kipimo hicho, mapokezi hayaishii kwenye chakula na malazi. Nyambo alipokelewa ufuoni, kisha akapunguzwa katika masimulizi ya mwanzo wa misheni aliyoshiriki kuianzisha. Mhakiki anayeirudia 1906 bila jina lake anamnyima mgeni hifadhi kwa mara ya pili.