Kimea Kikombeni

Ugomvi wa uji ni wa zamani. Ukiwa mzito, mgonjwa hawezi kuumeza. Ukiwa mwepesi, anakunywa maji ya moto yenye harufu ya mahindi. Wanga ukichemka hunyonya maji na kuvimba, hivyo unga kidogo tu hujaza sufuria, na tumbo hushiba kabla mwili haujala.

Jibu lilikuwa kwenye chungu cha pombe. Ulezi ukilowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa, huwa na kimeng'enya kinachokatakata wanga. Wafaransa Payen na Persoz walikitoa kwenye kimea cha shayiri mwaka 1833. Mwaka 1865 mkemia Mjerumani Justus von Liebig akatunga supu ya watoto wachanga: unga wa ngano, kimea, maziwa ya ng'ombe na potasiamu baikaboneti kidogo. Mwaka 1873 ndugu wawili Waingereza, James na William Horlick, wakafungua biashara ya chakula cha kimea huko Chicago. Makopo tunayoyaona madukani yana ukoo huo.

Kwetu Tanzania, miaka ya 1980 mwanzoni, watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe walirudi kwenye kimea kilekile cha wapika pombe. Walionyesha kwamba kiasi kidogo hulegeza uji mzito bila kuongeza maji. Nadhani harufu ya kilabu ndiyo iliyokinyima heshima. Kingekuja kwenye kopo, tungekipanga foleni.

Mama yangu hakusoma utafiti wowote. Alipika pombe ya ulezi miaka mingi, na ada yangu ya shule ilitoka humo. Saratani ya koo ilipombana hata wali usipite, bei ya maziwa ya kopo ilikuwa inatushinda. Akaniita kitandani.

"Songa uji mzito, mwiko usimame. Uepue, uache upoe kidogo. Kimea ukikitia kwenye uji unaochemka, unakiua."

Nilitia kijiko kimoja, nikakoroga. Baada ya dakika kumi mwiko uliokuwa umesimama ukalala ukingoni. Unga ni uleule, sasa unamiminika. Nikaongeza karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, zisizo na hata punje moja yenye ukungu, kisha maziwa. Nikaurudisha jikoni uchemke tena, maana nafaka iliyolowekwa siku kadhaa hubeba vijidudu. Nikauchuja, punje yoyote isimkwame. Mtama nilikwepa: chipukizi zake zina sumu, lazima zipukuswe zote kabla ya kusaga.

Kikombe cha kwanza alikinywa taratibu, karibu saa nzima, akipumzika kila baada ya mafunda mawili. Akanirudishia kikitupu.

"Kimea chako kimechipua vizuri," akasema. "Kesho loweka kingine, hicho hakitafika Jumapili."