Friji Ilianzia kwa Bia, Wasee

Nilipofunga kifaa cha kudhibiti joto kwa friji yetu kuukuu ili bia yangu ichachuke kwa nyuzi 12, mathe alicheka: "Friji ni ya maziwa!"

Zii, historia iko upande wangu. Mwaka wa 1553, Bavaria ilipiga marufuku kutengeneza bia msimu wa joto, kwa sababu ilikuwa ikiharibika. Miaka ya 1870, Carl von Linde akaunda mashine ya kupoza, na akaijaribu kwanza kwa kiwanda cha bia cha Spaten, Munich. Friji za jikoni zilifuata baadaye sana.

Mathe akaskiza, kisha akaniuliza: "Na guka wako? Si alikuwa anaweka kibuyu cha muratina kando ya moto, ndio baridi isiizuie kuchachuka?"

Kudhibiti joto, bila stima. Hapo nikanyamaza.