Nani Aliyelipia Utaratibu wa Matatu?
Abiria wa mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi walibebwa na matatu, magari madogo ya abiria, tangu enzi ambapo serikali iliyaona kuwa haramu. Kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Service ilianza Nairobi mwaka 1934, na mwaka 1966, halmashauri ya jiji ilipopata robo ya hisa zake, kampuni hiyo ikahakikishiwa haki ya pekee ya kubeba abiria jijini. Lakini mtaa uliohesabiwa kuwa si halali, kama Kibera, haukujengewa barabara, na basi kubwa halipenyi vichochoroni. Hivyo tangazo la Rais Jomo Kenyatta la 1973, lililoziruhusu matatu kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi, liliridhia tu huduma ambayo wananchi walikuwa wamekwisha kuichagua.

Wapo wanaosema tangazo hilo ndilo lililozaa fujo na ajali. Vifo vilikuwa vya kweli na vinauma. Ila tangazo hilo halikumzuia yeyote kukagua breki. Februari 2004 waziri wa uchukuzi John Michuki alilazimisha matatu ziwe na mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa njano, ishara kwamba kilichokosekana ni usimamizi. Hata hivyo, kanuni hizo zilipoanza, magari yaliadimika, nauli ikapanda, na wengi wakaenda kazini kwa miguu. Usalama ule nauthamini sana, lakini mpango usiomwekea abiria maskini njia nyingine ya kufika kazini ulikuwa pungufu.